Msimu wa Mheshimiwa Lini

Jumatatu, 4 Machi

Nimehamishwa. Kuanzia leo mimi ni ofisa wa Kitengo cha Majibu ya Bunge, ghorofa ya juu kabisa ya wizara, mahali ambapo lifti haifiki na dari inavuja. Nilikuwa nasahihisha mabango: nawa mikono, peleka mtoto chanjo, lala ndani ya chandarua. Sasa nitaandika maneno yatakayosemwa mbele ya taifa zima. Nilipanda zile ngazi mbilimbili.

Kitengo chenyewe ni meza chache, kabati lisilofunga, na Mzee Kadiri. Jina lake halisi halitumiki tena. Nadhani hata mshahara unaingia kwa jina la Kadiri. Alilipata kwa sentensi aliyoitunga enzi za ujana wake, "Serikali itaendelea kuimarisha huduma hiyo kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu." Mawaziri wamekuja na kuondoka, sentensi imebaki. Amenipokea kwa chai na somo.

"Binti yangu, jibu zuri ni la kweli mwanzo mpaka mwisho, na bado halimpi mtu pa kushika."

Akanipa swali la mbunge mmoja kuhusu magari ya wagonjwa yaliyokufa. Nikaandika ukurasa mzima, nikajipongeza. Yeye akaufyeka mpaka ikabaki mistari miwili, na ndani ya mistari hiyo hakukuwa na uongo hata chembe, wala hakukuwa na gari. Nilibaki nimeduwaa. Ni kama kumwona mtu akikunja blanketi mpaka linaenea mfukoni.

Jumanne, 5 Machi

Mvua kutwa. Tumeweka ndoo chini ya dari na kuandika majibu kuhusu paa za zahanati.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimeingia ukumbi wa Bunge kwa mara ya kwanza maishani. Nimeuona kwenye televisheni mara elfu, lakini televisheni haikuambii jinsi sauti ya mtu inavyopanda mpaka kwenye dari na kurudi ikiwa nzito zaidi. Mbunge anasimama, ni mtu tu, ana kikohozi, miwani imemkalia upande. Anasema "Mheshimiwa Spika," na wizara nzima yenye maelfu ya watu lazima inyanyuke kumjibu. Nilitokwa na machozi kama mjinga, Mzee Kadiri akanipa leso bila kuniangalia.

Sisi maofisa tunakaa kwenye kizimba cha mbao nyuma ya mawaziri. Humo ni marufuku kusema hata neno. Ukitaka kumwambia jirani yako kitu, unamwandikia kikaratasi. Ukitaka kumsaidia waziri aliyebanwa na swali la nyongeza, unaandika jibu kwenye kikaratasi vilevile, unaliweka juu ya ukingo wa kizimba, na mhudumu mwenye glavu nyeupe analichukua na kulipeleka. Hatazami limeandikwa nini wala la nani. Kilichowekwa ukingoni kinakwenda mbele.

Anayejibu kwa niaba ya wizara yetu ni Naibu Waziri. Ni mhandisi wa barabara, mama mpole, amepewa afya kama mtu anavyopewa mtoto wa jirani amshikie. Wiki yake ya kwanza alijibu kwa maneno yake mwenyewe, akasema wauguzi "watamwagwa" mikoani, na redio zikamcheka mpaka wikiendi. Tangu hapo ameapa: anasoma kilichoandikwa, hapunguzi, haongezi. Hata "tafadhali geuza ukurasa" aliwahi kuisoma.

Na nimemwona mbunge wa wilaya yetu kwa macho yangu. Mama huyu alikuwa mwalimu mkuu zamani na bado anasimama kama anasubiri darasa linyamaze. Kila swali lake linaishia na "lini?" Kitengoni anaitwa Mheshimiwa Lini, na jina hilo wanalitamka kwa woga.

Jumamosi, 9 Machi

Sijaandika kuhusu Dada, na shajara isiyo na Dada ni shajara ya uongo.

Ninaishi naye, yeye chumba cha uani. Uchungu ulimkamata siku ambazo barabara ilikatika, akahangaika nao mpaka mtoto akafia tumboni, na alipotoka pale mkojo ukawa haumsikii tena. Unatoka wenyewe, usiku na mchana. Fistula. Mumewe alimrudisha nyumbani "kwa muda," na muda huo umekuwa mrefu kuliko ndoa yenyewe. Dada yangu aliyekuwa anaongoza kwaya, aliyekuwa akicheka mpaka mtaa wa pili, haendi msibani, haendi harusini, hakai kwenye kiti cha mtu. Tulikwenda hospitali kuu ya mkoa mara mbili, tukaambiwa daktari wa upasuaji huo yuko masomoni. Basi tukaacha kwenda.

Ananiita Serikali tangu nilipoajiriwa. Leo kaniuliza, "Serikali, wamekupa kiti kizuri huko juu?"

"Nimepewa meza na ndoo."

"Afadhali. Ndoo tunazijua." Akacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaenda chumbani kwangu na kulia kidogo.

Jumatano, 13 Machi

Limekuja swali. Limepigwa chapa vizuri, lina namba na muhuri: je, Serikali ina mpango gani wa kuwatibu wanawake wenye fistula katika wilaya yetu? Aliyeuliza ni Mheshimiwa Lini, na Mzee Kadiri kaligawa mezani kwangu bila kujua amegawa nini.

Nililisoma nimesimama. Ugonjwa ambao nyumbani hatuutaji kwa sauti, mtu kauandika na kuupeleka kwa Spika. Kumbe inawezekana.

"Huyu mama ameuliza mkutano uliopita, na ule wa kabla yake," Mzee Kadiri alisema. "Hachoki. Waandikie hospitali ya mkoa, wakupe hali halisi."

Ijumaa, 15 Machi

Hospitali imejibu! Barua ina sahihi ya mganga mkuu na muhuri wa bluu: huduma ya matibabu ya fistula inapatikana. Jengo jipya la upasuaji limekamilika, vifaa vimepokelewa. Niliisoma mara kadhaa kuhakikisha sijaota.

Nimeandika jibu kwa mkono wangu: "Mheshimiwa Spika, huduma ya matibabu ya fistula inapatikana katika hospitali kuu ya mkoa, na Serikali itaendelea kuiimarisha kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu." Mzee Kadiri hakugusa hata herufi. Kaniambia nina kipaji.

Nilikimbia nyumbani na mvua. Nilimwambia Dada mlangoni, viatu vinachuruzika. Alinipa kanga nijifute. Halafu akasema, "Wewe ndiye umeandika? Kwa Waziri?"

"Mimi. Naibu Waziri atalisoma Bungeni."

"Basi ni kweli," alisema, akaenda kutafuta gauni lake jema.

Jumatatu, 18 Machi

Dada alikwenda hospitali peke yake. Nilitaka kuomba ruhusa nimsindikize, akakataa: Serikali ibaki kazini, mimi nakwenda kuipokea huduma yake.

Nimemkuta jioni amekaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, gauni jema limelowa mvua na lisilo mvua. Alinisimulia bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Jengo jipya lipo, limepakwa rangi nzuri sana. Muuguzi alimfungulia mlango wa chumba cha upasuaji ili aone mwenyewe: magodoro yamepangwa mpaka darini, na vifaa viko kwenye masanduku ambayo hayajafunguliwa. Daktari hayupo. Hajawahi kuwepo. Kwenye korido alikuta wanawake wengine, nao wameambiwa na ndugu zao, au na redio iliyotangaza jengo jipya, kwamba huduma ipo. Walikaa sakafuni pamoja mpaka mvua ilipopungua, wakapeana namba za simu.

"Serikali," aliniuliza, "hiyo huduma inapatikana kwa nani?"

Nilimchotea maji ya kuoga, nikayapasha, nikakaa nje ya mlango mpaka alipomaliza.

Jumanne, 19 Machi

Nimegombana na Mzee Kadiri. Nilimwambia jibu ni la uongo.

"Si uongo," alisema, taratibu kabisa. "Tumesema huduma inapatikana. Hatujasema kuna mtu wa kuitoa."

"Mzee! Hivi unajisikia?"

"Binti, barua ina sahihi na muhuri. Wizara haiwezi kumpinga mganga mkuu wake kwa sababu ofisa mmoja kasikia maneno nyumbani. Jibu limeshapita kwa Katibu Mkuu. Limekwenda." Halafu akaniuliza, kwa sauti nyingine, "Kasikia kwa nani?"

Sikumwambia. Nilishuka ngazi zote na kupanda tena ili hasira zitulie. Wiki mbili zilizopita nilimtazama mzee huyu kama fundi wa maajabu. Leo nimeona ufundi wake unafanya kazi gani, na bado, Mungu anisamehe, nimeshindwa kukana kwamba ni ufundi.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Dada hajatoka chumbani.

Alhamisi, 21 Machi

Naandika haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Swali letu lilikuwa la pili. Naibu Waziri alisimama, akasoma jibu langu, herufi kwa herufi, na sauti yake nzuri ya upole ikapanda mpaka darini na kurudi nzito. Huduma inapatikana. Wabunge wakagonga meza. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mheshimiwa Lini akasimama kwa swali la nyongeza. Hakupaza sauti. "Mheshimiwa Spika, nashukuru kwa majibu. Sasa naomba Serikali iniambie: wanawake hao katika wilaya yangu ni wangapi, na watatibiwa lini?"

Hili la wangapi hatukuliandaa. Sisi huwa tunafanya mazoezi. Mzee Kadiri hujifanya mbunge mkali na kunirushia maswali ya nyongeza mpaka sauti inamkauka. Hatukuwahi kufikiria mtu atauliza idadi. Naibu Waziri aligeuza shingo kuelekea kizimbani. Mzee Kadiri alizama kwenye jalada, anapekua kurasa huku midomo inamcheza. Spika aligonga kidole mezani.

Nilichukua kikaratasi nimwandikie Mzee Kadiri aache kutafuta. Niliandika: "Hatujui. Hakuna aliyewahi kuwahesabu." Nikakisogeza kwake. Nilikisogeza juu ya ukingo.

Mpaka sasa hivi, naapa, sijui mkono wangu ulikusudia nini. Kila mtu anajua kilichowekwa ukingoni kinakwenda mbele. Nilikuwa nimemtazama Mzee Kadiri, na nilipogeuka niliona glavu nyeupe tu, na kikaratasi hakipo.

Naibu Waziri alikipokea kama anayepewa maji jangwani. Akavaa miwani.

"Mheshimiwa Spika," alisoma, "hatujui. Hakuna aliyewahi kuwahesabu."

Watu mia kadhaa, na unasikia mvua juu ya paa. Nilimwona Naibu Waziri akigundua alichosoma. Aligundua taratibu, kama mtu anayetambua amevaa nguo kinyume mbele za watu. Angeweza kukohoa, angeweza kusema samahani, ni makosa. Alikitazama tena kikaratasi, akatazama mbele, akakaa.

Mheshimiwa Lini alikuwa bado amesimama. Yule mama mkali, mdomo ulikuwa wazi. Nadhani maisha yake yote Bungeni hajawahi kujibiwa.

Spika alivuta kipaza sauti. Alisema tangu akalie kiti kile amesikia majibu mengi, lakini la leo ni la kwanza asilohitaji kufafanuliwa. Akaagiza Serikali irudi kabla mkutano huu haujaahirishwa, iseme ni wangapi, na iseme lini.

Tulitoka kizimbani, Mzee Kadiri ametangulia na jalada kwapani. Nilikuwa naogopa, na humo humo ndani ya woga kulikuwa na kitu kikubwa ambacho sina jina lake. Maneno mafupi namna ile, na nchi nzima imesimama kuyasikiliza.

Ijumaa, 22 Machi

Katibu Mkuu alituita. Meza yake ni kubwa kama kitanda. "Nani kaandika kikaratasi kile?"

Nilifungua mdomo. Mzee Kadiri akanitangulia.

"Mheshimiwa Katibu Mkuu, kikaratasi hicho kiliandikwa na kitengo changu kwa kuzingatia taarifa zilizokuwepo."

"Nimeuliza nani."

"Kitengo kitaendelea kuimarisha utaratibu wa vikaratasi kadiri hali itakavyoruhusu."

"Mzee, unanijibu au unanipiga chenga?"

"Nakujibu, Mheshimiwa, ndani ya mipaka ya taarifa nilizonazo."

Hivyo hivyo, kila alipozibwa anatokea upande mwingine, wala hakusema uongo hata mara moja, mpaka Katibu Mkuu akachoka na kutufukuza ofisini. Kwenye ngazi nilitaka kumshukuru, akaninyooshea kidole. "Yule uliyesikia kwake maneno nyumbani. Ni nani yako?"

"Dada yangu."

Alishuka ngazi moja. "Ungesema, binti," alisema. "Ungeniambia hata mimi."

Jumamosi, 23 Machi

Nilimweleza Dada yote. Nilidhani atafurahi. Nikamwambia watu watakuja kuhesabu, naye ajitokeze.

"Mimi nisimame mbele za watu niseme navuja? Ili jibu lako lipate namba?"

"Dada, mficha maradhi..."

"Nakijua kimalizio chake. Kifo nilishakutana nacho, kilichukua mtoto kikaniacha mimi. Usinifundishe methali, mdogo wangu." Hakuniita Serikali. Alifunga mlango.

Jumanne, 26 Machi

Redio imeanza kutangaza siku za kuhesabu. Dada huizima.

Jumatatu, 8 Aprili

Siku ya kwanza ya kuhesabu, ukumbi wa shule ya msingi. Mganga wa wilaya, wauguzi, Mzee Kadiri na mimi. Naibu Waziri naye alikuja, kavaa buti za mvua, za kazi yake ya zamani. Tumepanga mabenchi, tumeandaa pazia la kusitiri. Mpaka saa sita hakuja mtu. Mvua ilipiga bati mpaka tukawa hatusikilizani.

"Hawatakuja," Mzee Kadiri alisema. "Nani atatembea kwenye mvua kwenda kuhesabiwa aibu?"

Mchana akaja mama mmoja, mtu mzima, mvi tupu. Alisimama mlangoni, akauliza kama ni hapa. Ameishi nayo tangu msichana. Naibu Waziri alimshika mkono akamwingiza mwenyewe nyuma ya pazia. Walikuja wengine wachache, mmoja mmoja, kila mmoja anakaa benchi lake, mbali na mwenzake. Kwa nini niliwahi kudhani Dada yuko peke yake?

Jumatano, 10 Aprili

Wamekuja zaidi kuliko jana. Bado hawakaribiani.

Ijumaa, 12 Aprili

Siku ya mwisho. Mvua mbaya, mfereji wa mbele umefurika. Dada alikuwa ameondoka nyumbani kabla sijaamka, juzi hivyohivyo na jana hivyohivyo, na nilipomuuliza jioni alikokuwa alisema ana mambo yake. Sikuthubutu kuuliza zaidi.

Tulikuwa tumeanza kufunga mizigo. Mzee Kadiri alikuwa dirishani. Alisema, "Binti, njoo," kwa sauti ambayo sikuijua.

Walikuwa wanavuka uwanja wa shule. Si wawili, si watatu. Kundi zima la wanawake, wameshikana mikono kwa ajili ya matope, miamvuli michache, wengi hawana hata mwamvuli. Wasichana, wamama, mmoja kabebwa mgongoni na mwenzake kwa sababu mguu hauna nguvu. Mbele yao, gauni jema limepandishwa mpaka magotini, alikuwa Dada.

Kumbe siku zile zote alikuwa anawafuata wale wa korido ya hospitali. Alianza na namba za simu, kisha wale wakamtajia wengine, akawa anapita nyumba kwa nyumba, anabisha, anaongea na mtu kupitia mlango uliofungwa kama alivyokuwa anaongea na mimi. Dada, ambaye alikuwa akikwepa hata kupita geti letu mchana! Baadaye aliniambia alichokataa ni kusimama peke yake.

Aliingia, amelowa kila mahali, akasimama mbele ya meza yangu.

"Serikali," alisema, "nimekuletea wenzangu."

Nilishindwa kuandika. Mganga wa wilaya alinichukulia kalamu. Mabenchi hayakutosha, wakabanana, bega kwa bega, na nikaona hakuna aliyesogea mbali na mwenzake. Mmoja wao alianza kuimba kwa chini, Dada akampokea. Ile sauti! Nilikuwa nimesahau ukubwa wake. Mzee Kadiri alitoka nje akasimama kwenye mvua, na aliporudi alisema ni mafua.

Jumatatu, 15 Aprili

Wizara haijalala. Naibu Waziri aliingia mwenyewe kwa Waziri na kutoka na sahihi ya kumleta daktari wa upasuaji hospitali ya mkoa. Anasema barabara isiyopimwa haijengwi, na sasa tumepima.

Jumatatu, 22 Aprili

Daktari amefika. Ni kijana mwembamba, alitoa magodoro chumbani kwa mikono yake pamoja na wahudumu. Dada alitumiwa ujumbe kwamba aingie wa kwanza, akajibu, "Mpeni yule mama wa mvi atangulie."

Jumatano, 8 Mei

Leo wamemwingiza Dada. Daktari alituambia ukweli bila kuupamba: tundu halifungi kwa wote mara ya kwanza, wengine hurudiwa, kwa wachache halifungi kabisa. Nimezoea majibu yasiyo na pa kushika. Hili lilikuwa na miiba pande zote, na nililipenda.

Nilikaa nje kwenye korido ileile aliyokaa yeye sakafuni. Mzee Kadiri alikuja na chupa ya chai. Hakusema lolote la maana. Alizungumzia paa.

Dada alitoka usingizini akauliza, "Wamemaliza? Au wataendelea kadiri hali itakavyoruhusu?" Mzee Kadiri alicheka mpaka muuguzi akamfukuza.

Alhamisi, 23 Mei

Mpira wa mkojo umetolewa. Asubuhi, kavu. Mchana, kavu. Dada anasema usishangilie kwanza.

Ijumaa, 24 Mei

Kavu.

Jumapili, 26 Mei

Mvua zimekatika. Tundu la mama wa mvi halikufunga, atarudiwa baadaye. Dada alikwenda kukaa naye kutwa nzima.

Jumatatu, 3 Juni

Nimeandika jibu jipya. Lina idadi na lina tarehe. Mzee Kadiri alilisoma akiwa amesimama dirishani, muda mrefu. "Hili wanaweza kulishika popote watakapo," alisema. Nikamuuliza kama anataka kulifyeka. Alichukua kalamu, akafuta ile sentensi yake niliyokuwa nimeibakiza mwishoni kwa heshima, akanirudishia.

Alhamisi, 6 Juni

Kesho Bunge linaahirishwa. Leo tumejibu.

Naibu Waziri alisoma taratibu. Aliposoma idadi, minong'ono ilizagaa. Kisha akaitaja tarehe aliyopangiwa kutibiwa wa mwisho katika wilaya yetu. Mheshimiwa Lini akasimama. Nilidhani atashukuru akae. Kama vile simjui.

"Mheshimiwa Spika, nashukuru sana. Na wilaya nyingine zote je? Ni wangapi, na lini?"

Nilikamata kalamu. Naibu Waziri hakugeuka kizimbani. Alisimama bila karatasi, mikono mitupu. "Mheshimiwa Spika, hatujui. Tutakwenda kuwahesabu."

Hakuna aliyemcheka. Mbele yangu palikuwa na vikaratasi vyangu vyote, vyeupe, havikuhitajika.

Kisha Spika akatambulisha wageni, kama kila siku baada ya maswali. Wanafunzi wa chuo wakasimama, wakapigiwa makofi. Wachezaji wa mpira wakasimama. "Na wageni wa Mheshimiwa mbunge aliyeuliza swali la leo," alisema, "wanawake kutoka wilayani kwake. Wasimame pale walipo."

Jukwaani juu hakusimama mtu.

Spika alirudia. Wabunge walianza kuinua vichwa kuwatafuta. Mheshimiwa Lini alifumba macho. Mimi nilijua wanaogopa nini, kwa sababu asubuhi niliwapokea mlangoni na nikawatazama wakikaa na kuinuka. Mwanamke aliyeishi na maradhi haya, hata aliyepona, kabla ya kunyanyuka hupapasa kiti kwa nyuma, na akishanyanyuka hugeuka kutazama ameacha nini. Wote wanafanya hivyo, mpaka msichana mdogo kuliko wote. Sasa viti vilikuwa vya kitambaa chekundu, na macho yote ya taifa yalikuwa juu yao.

Dada alisimama. Mikono yake ilikuwa mbele, inashika ukingo wa jukwaa. Alimtazama Spika, akawatazama mawaziri, akanitafuta mimi kizimbani mpaka akanipata. Hakugeuka kutazama kiti. Akampa mkono mama wa mvi aliyekaa kando yake, ambaye hajapona, na mama yule naye akanyanyuka, kisha wa nyuma yao, kisha safu nzima.

"Karibuni sana," Spika alisema, kama anavyowaambia wageni wote, na akaendelea na shughuli inayofuata.